Kubonyeza Tu

Ulisema, Bwana Kuloba, tena mbele za watu,
kwamba laki nne ni nyingi kwa kazi ya kidole.
"Si kubonyeza tu?"

Haya. Kidole chenyewe hiki.
Kina kovu la dawa tangu enzi za baba,
chumba cha giza nyuma ya duka, Barabara ya Naboa,
nikiwa darasa la nne, nikizigeuza karatasi kwenye karai
kama mtu anayeosha mchele,
na nyuso za watu wa Mbale zikija polepole
kutoka mahali nisipopajua hadi leo.

Kamera niliinunua Kampala, mtumba,
kwa kijana aliyeapa imepiga picha elfu ishirini.
Nilipoikagua: laki moja na themanini elfu.
Sasa kila mlio wake nausikia
kama saa ya ukutani chumbani kwa mgonjwa.

Lenzi ndefu si yangu. Ni ya Wepukhulu wa karibu na stendi,
hunikodisha elfu hamsini kwa siku,
sabini siku za mahafali, maana naye ana akili.
Lenzi fupi ni yangu. Nilimaliza kuilipia Februari;
Machi ukungu ukaingia ndani ya kioo,
utando mwembamba, buibui asiyeonekana.
Mvua ikishuka kutoka Wanale haina adabu kwa vioo.
Usiku nazilaza zote kwenye ndoo ya mchele mkavu
na mama huuliza kila jioni:
leo tunapika, au tunafuga?

Siku ya arusi yako umeme ulikatika saa kumi na mbili.
Jenereta ya ukumbi ilikohoa mara tatu, ikanyamaza.
Nilibaki na flashi moja, betri za mwisho,
nikahesabu kama mama wa watoto wengi na mkate mmoja:
keki, mwanga mmoja; pete, mmoja;
wazee wa ukoo, wawili, maana mmoja wao lazima atafumba macho.
Mlikula. Nilipewa soda ya moto
na kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi.

Ulilipa nusu.
Salio, ukasema, Ijumaa.
Hukutaja Ijumaa ipi, nami mjinga sikuuliza.

Jana umekuja umeshika kofia.
Hukuongea bei.
Ulisema kwamba mama hana picha,
ni ile ya kitambulisho tu, uso wa mtu aliyeambiwa asicheke,
na jeneza linafika Alhamisi.

Nikaifungua diski yako. Picha mia sita na kumi na mbili.
Tulipita wote waliojipanga, waliosimama wima,
shangazi aliyenivuta shati nimpige mara nne.
Mama hayumo. Mama hayumo.
Ukaanza kuivaa kofia.

Kisha ile ya mia tatu arobaini na saba.
Ukumbi mzima umeitazama keki
ila yeye, kule mbali mlangoni, gomesi ya zambarau,
sahani mkononi, anamcheka mtoto anayeiba nyama,
anacheka kwa mdomo wote, na pengo lake.
Sijui kwa nini niligeuka.
Hakuna aliyeniita upande ule.
Ulisimama mbele ya kioo muda mrefu.
Nilitoka nje, nikajifanya nazungumza na simu.

Nimeikuza. Iko hapa, imekauka, usiishike katikati.
Karatasi elfu kumi na tano, fremu thelathini.
Salio la arusi silitaji leo,
kwetu mtu hadaiwi akiwa na udongo kwenye viatu.

Ila matanga yakishaanuliwa, Bwana Kuloba,
nafungua saa mbili asubuhi.
Wepukhulu bado ananidai
ile siku moja ya lenzi
iliyofika hadi mlangoni kwa mama yako.